Arobaini Ikitimia, Zahanati Isingojeshwe: Kuchelewesha Chanjo Si Njia ya Wastani

  

Ndugu msomaji, leo tunazungumza na mzazi wa aina moja tu. Si yule anayeikataa chanjo moja kwa moja, kwani hoja zake zinajulikana na zimejibiwa mara nyingi. Tunazungumza na mzazi ambaye hakatai. Kadi ya kliniki anayo, tena ameihifadhi vizuri ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vingine vya nyumba. Ukimuuliza kama mtoto atachanjwa, atakujibu kwa utulivu kuwa atachanjwa, inshaallah. Lakini ukimuuliza lini, hapo majibu huanza kutawanyika. Mtoto bado mchanga, aachwe kwanza apate nguvu. Sindano mbili kwa siku moja ni nyingi, apewe moja leo na nyingine mwezi ujao. Ya surua atachomwa akishaanza kutembea na kutamka maneno, ili tuone kwanza kama yu salama.

Mzazi huyu hajioni kuwa ni mkaidi. Anajiona kuwa mtu wa katikati: hakwenda upande wa wanaokataa, wala hakukubali kila analoambiwa. Na kwa kuwa Qur'ani imeusifu umma huu kwa wastani, wapo wanaoona kwamba uamuzi huo una harufu ya dini ndani yake. Hapo ndipo penye tatizo, na hapo ndipo tunapotaka kusimama leo.

WASTANI NI NINI?

Wastani katika dini yetu ni kusimama baina ya mawili yaliyo mabaya: baina ya ubahili na ubadhirifu, baina ya woga na kujitupa katika maangamizi. Haukuwa kamwe kuligawa jambo la wajibu nusu kwa nusu. Mtu anayesali adhuhuri pamoja na alasiri baada ya jua kuzama, bila udhuru, hatumwiti mtu wa wastani baina ya anayesali na asiyesali. Tunasema ameupoteza wakati. Na aliyejenga nusu ya daraja hakupata wastani baina ya kuvuka na kutovuka. Mto bado uko mbele yake, na watoto wake bado wako ng'ambo.

Dini yetu imetufundisha kuheshimu nyakati. Sala zina nyakati zake, funga ina mwezi wake, hija ina siku zake, na Qur'ani imeutajia hata unyonyeshaji muda wake wa miaka miwili kamili. Mtoto anapozaliwa, familia ya Kiislamu huanza kuhesabu siku: ya saba ni akika, kunyolewa nywele na kupewa jina, kisha tunahesabu arobaini ya mama. Hakuna bibi katika kijiji hiki anayekosea hesabu hiyo. Basi inakuwaje nyumba inayojua kuhesabu mpaka saba na mpaka arobaini ishindwe kuhesabu mpaka arobaini na mbili?

Nimeitaja arobaini na mbili kwa makusudi. Wiki sita ni siku 42. Chanjo kubwa ya kwanza katika ratiba yetu ya Tanzania inakuja siku mbili tu baada ya arobaini ya mama kutimia. Anayetaka kukumbuka jambo moja kutoka katika makala hii na akumbuke hilo.

RATIBA ILIVYO

Mtoto anapozaliwa hupewa BCG, ambayo ni kinga dhidi ya kifua kikuu, hasa kile kikali kinachowashambulia watoto wadogo mpaka kwenye ubongo. Hupewa pia matone ya kwanza ya polio. Anapofikisha wiki 6 hupewa matone ya polio, matone ya kuzuia kuhara kunakoletwa na kirusi cha rota, sindano ya pentavalenti na sindano ya kuzuia nimonia. Pentavalenti ni chanjo tano ndani ya sindano moja: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Wiki ya 10, yaani siku ya 70, hayo hurudiwa. Wiki ya 14, yaani siku ya 98, polio, pentavalenti na nimonia hurudiwa tena, na inaongezwa sindano ya polio. Miezi 9 ni surua na rubella, na mwaka mmoja na nusu surua na rubella hurudiwa.

Wapo wenye ndugu Ulaya na Marekani ambao hupigiwa simu na kuambiwa kwamba huko watoto huanza wakiwa na miezi miwili, na surua hupewa wakitimiza mwaka. Basi huuliza: kwa nini sisi wiki sita, na kwa nini sisi miezi tisa? Ni swali zuri, na jibu lake ndilo roho ya mazungumzo haya. Ratiba haikupangwa kwa kumwangalia mtoto peke yake. Imepangwa kwa kuangalia pia ugonjwa unamkuta mtoto akiwa na umri gani.

Chukua surua. Mama aliyewahi kuugua au kuchanjwa humpa mtoto wake kingamwili tangu akiwa tumboni. Kingamwili hizo humlinda kwa miezi ya mwanzo, kisha hupungua kidogo kidogo. Zikiwa bado nyingi, huizuia chanjo isifanye kazi yake. Zikishakwisha, mtoto hubaki wazi. Ukichanja mapema mno, chanjo haishiki vizuri. Ukichelewa, surua inakutangulia. Katika nchi ambazo surua ni nadra, wataalamu waliona wanaweza kungoja mpaka mwaka mmoja. Katika nchi ambazo surua bado inazunguka, kungoja huko kungegharimu roho za watoto, ndiyo maana ikachaguliwa miezi tisa, na dozi ya pili ikawekwa kwa ajili ya wale ambao ya kwanza haikuwashika. Huu ndio wastani wa kweli, uliopimwa na kufikiriwa. Mzazi anayeusogeza mbele kwa mwaka mzima hafanyi wastani. Anaondoka kwenye wastani uliokwisha kupatikana.

Chukua pia kifaduro. Kwa mtu mzima ni kikohozi cha wiki nyingi. Kwa mtoto wa miezi miwili huenda kisiwe hata kikohozi: pumzi husita, midomo hubadilika rangi, na mama hajui kilichotokea. Wanaokufa kwa kifaduro ni watoto wachanga kuliko watu wa umri mwingine wowote. Sasa yule anayesema mtoto aachwe apate nguvu kwanza, amemwacha bila ngao katika miezi ileile ambayo adui huyu ana nguvu kubwa zaidi juu yake. Kirusi cha rota nacho, katika nchi kama zetu, huwakuta watoto wengi kabla hawajatimiza mwaka. Chanjo inayokuja baada ya ugonjwa kupita ni kama mwavuli unaofunguliwa mtu akiwa amekwisha lowa.

SINDANO MBILI SIKU MOJA

Tuje kwenye hofu ya wingi. Mama anamwona mwanawe analia, mapaja yote mawili yamechomwa, na usiku joto linapanda. Moyo wa mama hauhitaji kufundishwa huruma, na hatutamkebehi mtu kwa kumwonea mwanawe huruma. Lakini huruma nayo inahitaji elimu.

Tangu dakika anayotoka tumboni, mtoto hukutana na vijidudu visivyohesabika: hewani, katika ngozi ya mama, katika kanga, katika mikono ya wote wanaokuja kumpongeza mzazi na kumbeba mtoto. Mwili aliomuumbia Mola wake unapambana na vyote hivyo kwa wakati mmoja, kila siku. Vilivyomo ndani ya chanjo ni sehemu ndogo tu ya mzigo huo, navyo ama vimeuawa, ama vimedhoofishwa, ama ni vipande tu vya kijidudu. Mwili hauchoki kwa kupewa masomo mawili siku moja.

Ni kweli kwamba baada ya pentavalenti watoto wengi hupata homa, uvimbe mdogo mahali pa sindano na kulialia kwa siku moja au mbili. Hili lisifichwe, kwa sababu mama asiyeambiwa hudhani mwanawe amedhurika, na safari ijayo hatarudi. Amnyonyeshe mara kwa mara, amvalishe nguo nyepesi, na kuhusu dawa ya homa amuulize muuguzi kipimo kinacholingana na uzito wa mtoto. Homa ikizidi siku mbili, au mtoto akipata degedege, au akilegea, apelekwe zahanati bila kungoja. Na mtoto aliyewahi kupata madhara makubwa baada ya chanjo, au mwenye ugonjwa mzito, muuguzi aambiwe kabla ya sindano. Kwa hao uamuzi wa kuahirisha upo, lakini ni uamuzi wa kitabibu, unaofanywa kwa mtoto mmoja kwa sababu inayojulikana.

Sasa tupige hesabu ya kugawa. Kuanzia wiki ya 6 mpaka ya 14 mtoto hupata sindano saba katika mahudhurio matatu: mbili, mbili, kisha tatu. Mzazi akitaka sindano moja moja, mahudhurio hayo matatu yanakuwa saba. Idadi ya sindano haikupungua hata moja. Kilichoongezeka ni siku za machozi na siku za safari. Mjini, ambako zahanati iko mtaa wa pili, huenda mtu akasema si kitu. Kwetu Uchindile, huku juu ambako reli ya TAZARA inapanda kuelekea Makambako, na kote katika bonde la Kilombero, safari saba badala ya tatu maana yake ni siku saba za jembe, siku saba za kumfunga mtoto mgongoni na kushika njia, na baadhi ya siku hizo ni za Machi na Aprili, wakati barabara ni tope tupu. Sote tunajua mwisho wake. Ya kwanza itahudhuriwa, ya pili itahudhuriwa, ya tatu itaangukia siku ya palizi, ya nne itasahaulika. Kilichoanza kama kuchelewesha kwa hiari kitamalizika kama kuacha bila kukusudia.

WALIOTUTANGULIA KUSUBIRI

Mwenye busara hujifunza kwa yaliyompata mwenzake. Basi tuwatazame ndugu zetu Waislamu wa Afrika Mashariki hii hii, Wasomali waliohamia Minneapolis katika jimbo la Minnesota, Marekani.

Watu hao hawakuwa wapinzani wa chanjo. Watoto wao waliozaliwa mwaka 2004 walikuwa wamechanjwa surua kwa asilimia 92. Kisha ikaingia hofu ya usonji. Wazazi waliona watoto wengi wa Kisomali katika madarasa maalumu, wakatafuta sababu, na wakakutana na maneno ya tabibu wa Uingereza aitwaye Andrew Wakefield. Tabibu huyo mwaka 1998 alikuwa amechapisha utafiti wa watoto 12 tu akiihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella na usonji. Mwaka 2010 jarida lililouchapisha liliufuta, na Wakefield akaondolewa katika orodha ya matabibu wa Uingereza. Hata hivyo alikwenda Minneapolis na kukutana na wazazi wa Kisomali.

Wazazi wengi hawakusema hatutachanja. Walisema tungoje, mtoto aanze kusema kwanza. Kwa watoto waliozaliwa muongo mmoja baadaye, kiwango cha waliochanjwa surua kufikia umri wa miaka miwili kilikuwa kimeshuka mpaka asilimia 42. Mwaka 2017 surua ikaingia. Watu 75 wakaugua katika jimbo hilo, wengi mno wakiwa watoto wa asili ya Kisomali, na karibu wote hawakuwa na chanjo. Baadhi yao walilazwa hospitalini. Maimamu wa mji ule walishirikiana na wahudumu wa afya kuzungumza na familia, na foleni za chanjo zikarudi kuwa ndefu. Lakini zilirudi baada ya watoto kuugua. Na kuhusu usonji, mwaka 2019 Denmark ilitoa matokeo ya kufuatilia watoto zaidi ya 650,000: waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa.

Tuzingatie jambo moja. Ndugu hao walikuwa katika nchi yenye hospitali kubwa, magari ya wagonjwa na vyumba vya kuwatenga wenye surua. Sisi tukiiga kungoja kwao, tutaiga kungoja tu. Hospitali zao hatuwezi kuziiga.

Kisa cha pili ni cha kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 2003 baadhi ya majimbo yalisimamisha chanjo ya polio kwa sababu ya uvumi kwamba ina kitu cha kuzuia uzazi. Jimbo la Kano lilisubiri mpaka Julai 2004, likaanza tena kwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wengi. Ilionekana ni subira ya miezi tu. Lakini kirusi hakikusubiri. Kilivuka mipaka, kikaenda nchi nyingi za Afrika, kikafika Saudi Arabia na Yemen, na mwaka 2005 kikaingia Indonesia yenyewe, ambayo ilikuwa haina polio kwa takriban miaka kumi. Huko kikawapoozesha watoto zaidi ya 300. Uchunguzi wa vinasaba vya kirusi ulionyesha kilikotoka. Mtoto wa Kiislamu wa Java alilemaa miguu kwa sababu ya subira ya watu wa Kano wasiomjua.

Sisi Tanzania mgonjwa wetu wa mwisho wa polio ya asili alikuwa mwaka 1996. Lakini Februari 2022 jirani zetu Malawi walithibitisha mtoto mwenye polio hiyo, na hapa kwetu wachanjaji wakapita nyumba kwa nyumba. Ugonjwa uliosahaulika haukufa. Unangoja mlango ulioachwa wazi.

JE, TUWAAMINI?

Wapo wanaosema: sawa, lakini tutajuaje kwamba hatufanyiwi majaribio? Swali hili katika bonde letu lina historia, na tulijibu kwa historia. Katika miaka ya 1990, huko Idete karibu na Ifakara, ilijaribiwa chanjo ya malaria iitwayo SPf66. Matokeo ya awali, yaliyotangazwa mwaka 1994 kwa watoto wa mwaka mmoja mpaka mitano, yalionyesha kinga ya kiasi cha asilimia 31. Ilipojaribiwa kwa watoto wachanga katika eneo hilo hilo la Ifakara, kinga haikuonekana. Ikaachwa. Haikuingizwa katika kadi ya kliniki ya mtoto yeyote. Huo ndio ushahidi ulio karibu nasi zaidi: chanjo isiyofaa hukataliwa, na ilikataliwa kwa vipimo vilivyofanywa papa hapa. Zilizobaki katika kadi ni zile zilizopita katika chekeche hiyo.

Kuhusu dini, hatutakawia. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1992, ilieleza kwamba kiongozi ana haki ya kuwalazimisha watu tiba katika baadhi ya hali, kama vile maradhi ya kuambukiza na kinga zake. Kila haji anayetoka nchini kwetu huchanjwa homa ya uti wa mgongo kabla ya kupanda ndege, wala hatujasikia haji akiomba achanjwe baada ya kurudi. Na mtaalamu mashuhuri aliyetuandikia tofauti ya surua na ndui alikuwa Muislamu, Abu Bakr al-Razi, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Anayedhani kwamba kujihadhari na surua ni jambo la kigeni kwa Waislamu hajaisoma historia yake.

Na tawakkul? Kisa cha bedui na ngamia wake sote tunakijua: alielekezwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Hakuelekezwa amfunge wiki ijayo.

SI KILA KUCHELEWA NI KWA HIARI

Lazima tuwe waadilifu. Katika vijiji vyetu watoto wengi wanaochelewa hawakucheleweshwa na hofu yoyote. Wamecheleweshwa na maisha. Familia huhamia katika vibanda vya shamba msimu wa mpunga na kukaa huko kwa miezi. Mtoto huzaliwa nyumbani na BCG inapita. Mama anatembea tangu alfajiri, akifika anaambiwa arudi siku nyingine kwa sababu watoto waliofika ni wachache.

Jambo hili la mwisho huwaudhi wengi, kwa hiyo tulieleze. Chanjo ya BCG na ile ya surua huja katika chupa za dozi nyingi, na zikishachanganywa hazikai zaidi ya saa sita, zilizobaki humwagwa. Chupa ya BCG kwa kawaida huwa na dozi 20. Muuguzi akiifungua kwa mtoto mmoja, dozi 19 zinapotea, na huenda mwezi huo asipate chupa nyingine. Ndiyo maana huwakusanya watoto kwa siku maalumu. Hata hivyo kwa mama, kurudishwa mara mbili ni sababu tosha ya kutokwenda mara ya tatu. Hapo pana kazi ambayo jamii inaweza kuifanya, na msikiti ni sehemu ya jamii.

Sisi makatibu wa misikiti tuna madaftari. Tunaandika nikaha, tunaandika michango, tunaandika waliotangulia mbele ya haki. Mtoto akizaliwa, familia huja kutuarifu siku ya akika. Napendekeza kwa makatibu wenzangu wote wanaosoma ukurasa huu: siku hiyo tuandike pia tarehe nne katika kikaratasi tumpe baba, yaani siku ya 42, ya 70, ya 98, na tarehe ya kutimiza miezi tisa. Kisha tumuulize muuguzi siku yake ya BCG na ya surua, na siku ya huduma ya mkoba, nasi tuitangaze baada ya sala ya Ijumaa kama tunavyotangaza maulidi na mazishi. Watoto kumi wakifika siku moja, chupa itafunguliwa bila kusitasita, na hakuna mama atakayerudishwa. Tuwatangazie hata majirani zetu wasio Waislamu, kwani surua haiulizi dini ya nyumba.

KWA KINA BABA NA KINA BIBI

Mara nyingi uamuzi wa kuchelewesha hutolewa na mtu ambaye hatambeba mtoto mgongoni wala hatakesha naye akiugua. Baba anatamka neno moja akiwa anaelekea shambani, na neno hilo linakuwa sheria ya nyumba. Kina baba, sisi ni wachunga, na tutaulizwa kuhusu tulichokichunga. Asiyeweza kwenda kliniki na mkewe, basi ampe nafasi: siku hiyo asimhesabie jembe, na nauli aitoe bila kuombwa mara mbili.

Kina bibi, neno lenu lina uzito kuliko bango lolote la wizara. Mwenye umri wa kutosha miongoni mwenu anakumbuka miaka ambayo surua ilipita kijijini na mikeka ikatandikwa nyumba hadi nyumba. Wasimulieni wakwe zenu hayo. Vijana wa leo wanaiogopa sindano kwa sababu wameiona. Surua hawaiogopi kwa sababu hawajaiona, na hawajaiona kwa sababu ya sindano.

Na wewe ambaye umekwisha kuchelewa, usione haya ukazidi kuchelewa. Mtoto haanzi upya; muuguzi ataisoma kadi na kuendelea pale ulipoishia. Kadi ikiwa imepotea, nenda hivyo hivyo. Mafua madogo au kikohozi kidogo si sababu ya kuahirisha. Ukihamia shambani, ichukue kadi, na uulize zahanati iliyo karibu na shamba, kwani chanjo hupatikana popote hata kama mtoto alianzia kwingine. Muuguzi akikufokea kwa kuchelewa, stahimili. Umekwenda kwa ajili ya mwanao.

Mtoto ni amana. Aliyetupa amana hiyo ameificha ajali yake, na chanjo haimwondolei mtu ajali iliyoandikwa. Lakini ametupa akili, elimu na hesabu ya siku, na atatuuliza tulivitumiaje. Arobaini ya mama ikitimia, na watu wakishakula na kuomba dua, isubirini siku ya pili yake. Asubuhi ya siku hiyo mshikeni mtoto, mshike kadi, mshike njia.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu na watoto wa Waislamu wote na maradhi mabaya, awape wazazi wao elimu yenye manufaa, na awalipe kheri wauguzi wanaotembea masafa marefu na kisanduku cha barafu begani kwa ajili yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.